Makorongo kwenye lundo la magwangala: anzeni na maji ya juu

SWALI: Kikundi chetu cha wachimbaji wadogo mkoani Geita kilichukua eneo lenye lundo la zamani la magwangala, yaani mawe taka ya mgodi. Mwaka jana tulikodi eskaveta, tukalisawazisha, tukamwaga udongo na kupanda miche 2,000 ya miti. Mteremko una mita 40 kutoka ukingo wa juu hadi chini, kimo chake ni mita 18 na upana mita 150. Juu kuna tambarare ya ekari tatu hivi. Vuli ilipoanza yakafunguka makorongo manne, miche mingi ikasombwa, na tope likaingia kwenye majaruba ya mpunga ya jirani yetu. Tunataka kujaza makorongo kwa mawe na viroba vya mchanga, kisha tupande miti upya. Je, ni sahihi? Tufanye nini kabla ya mvua zijazo?

JIBU: Msianze na makorongo. Korongo ni njia ambayo maji yamejitafutia kwa sababu hayakupewa nyingine. Mkilijaza mawe huku maji yaleyale yakiendelea kushuka kutoka juu, yatapita pembeni ya mawe na kuchimba upya, na msimu ujao mtakuwa na makorongo manane badala ya manne. Viroba ndio dhaifu zaidi: plastiki yake huoza kwa jua ndani ya miezi michache, halafu mchanga wote unaingia majarubani. Miti nayo ina kazi yake, ila si hii. Mche wa miezi mitatu hauna mizizi ya kushika chochote, na hata mti mkubwa hauzuii mmomonyoko ikiwa ardhi chini yake iko wazi.

Kazi yenu ifuate mkondo wa maji: kwanza tambarare ya juu, kisha umbo la mteremko, kisha njia ya mawe ya kuyashusha, kisha bwawa la kutega tope. Makorongo yanazibwa baada ya hapo, nyasi zinafuata, na miti inakuja mwisho.

Maji yanatoka wapi

Chukueni vipimo vyenu wenyewe. Ekari tatu ni kama hekta 1.2. Kwa mvua kali ya radi za Kanda ya Ziwa, ile ya dakika kumi au kumi na tano, ni busara kupanga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa. Tambarare iliyokanyagwa na mitambo hainywi maji vizuri, kwa hiyo hesabuni kwamba asilimia 60 yatatiririka. Zidisheni 0.6 kwa 100 kwa 1.2, kisha gawanyeni kwa 360. Mnapata mita za ujazo 0.2 kwa sekunde, yaani lita 200. Hizo ni ndoo kumi za lita 20 zinazomwagwa ukingoni kila sekunde, na zote zinatafuta mahali pamoja au pawili palipo chini kidogo. Nendeni mkaangalie vichwa vya makorongo yenu. Nina imani mtakuta kila kimoja kiko pale ukingo ulipozama, hata kama ni kwa sentimita kumi tu.

Mteremko wenyewe ni hekta 0.6, nusu ya tambarare. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yaliyowaharibia haikunyesha kwenye mteremko kabisa, ilitoka juu. Mkiyazuia hayo mmemaliza zaidi ya nusu ya tatizo kabla hamjagusa korongo hata moja.

Hata sasa hivi, kabla ya kupata fedha ya mtambo, inueni tuta la muda kwa jembe, mita tatu hadi tano ndani ya ukingo, lenye kimo cha sentimita 60 na mgongo wa sentimita 50. Lishindilieni kila tabaka la sentimita 20. Lisiwe ukingoni kabisa: ukingo wa lundo la kifusi hulala na kupasuka, na tuta lililokaa juu ya ufa ni hatari kuliko kutokuwa na tuta. Na maji msiyaache yasimame nyuma yake, kwa sababu yatazama ndani ya lundo. Yapeni mteremko mdogo kuelekea upande mmoja. Kama lundo lenu limeegemea kilima, bahati ni yenu: yapelekeni maji pembeni hadi kwenye ardhi ya asili iliyo ngumu na yenye nyasi, na huenda msihitaji kuyashusha juu ya kifusi kabisa. Hilo ndilo chaguo la kwanza daima.

Vipimo viwili kabla ya kuita mtambo

Havina gharama, na jibu lake linaweza kubadilisha mpango mzima.

Cha kwanza ni cha udongo. Chukueni donge kavu lenye ukubwa wa harage kutoka kwenye udongo mliomwaga, na mengine kutoka kwenye kuta za korongo. Yatumbukizeni taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, msikoroge. Donge likivunjika vipande tu, si neno. Lakini likitoa wingu jeupe kama maziwa linalosambaa chini ya glasi, huo ni udongo wenye sodiamu nyingi, unaoyeyuka majini. Udongo wa namna hii huliwa kwa ndani: maji yanapenya kwenye ufa mdogo, yanachimba handaki, kisha paa linaporomoka na korongo linatokea siku moja. Kwenye udongo huo matuta ya kontua yanayosimamisha maji ni kosa kubwa, kwani yanayalisha mahandaki. Dawa yake ni kuufukia kwa udongo mzuri au kuuchanganya na jasi, kwa kawaida tani 5 hadi 10 kwa hekta, kiasi kamili kikitegemea kipimo cha maabara. Jasi huchimbwa hapa nchini, kwa mfano Makanya wilayani Same. Kituo cha utafiti wa kilimo kama Ukiriguru kitawasaidia kwa kipimo cha udongo.

Cha pili ni cha mawe. Maji yanayochuruzika kwenye kitako cha lundo yana rangi gani? Yakiwa ya chungwa au yakiacha utando wa kutu juu ya mawe, na karatasi ya kupimia tindikali ikionesha pH chini ya 4 au 5, magwangala yenu yana paireti, yale madini yanayong'aa kama dhahabu bandia. Paireti ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali. Hapo hakuna nyasi itakayoota, na mawe hayo hayafai kujengea mfereji. Kwa kila asilimia moja ya salfa, tani moja ya mawe inahitaji kilo 31 hivi za chokaa ya kusaga ili kuituliza, kwa hiyo mnaona kwamba kuchanganya chokaa na lundo zima hakuwezekani. Kinachowezekana ni kulifunika lisipate maji: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha juu yake udongo wa kuoteshea. Pelekeni sampuli kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, kabla ya kutumia shilingi yoyote ya mtambo.

Na kama ndani ya lundo kuna marudio, ule unga uliobaki baada ya uchenjuaji, simamisheni kazi ya kuchimba hadi Afisa Madini Mkazi na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira waone. Marudio yanaweza kuwa na zebaki au sianidi, na unga wake laini husombwa na mvua kuliko udongo wowote. Hayasukumwi na buldoza kuelekea majaruba ya watu.

Umbo la mteremko

Mita 18 za kimo kwa mita 40 za urefu ni takriban mita 2 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo, kama nyuzi 27. Lundo linasimama, ni kweli, kwa sababu kifusi cha mawe kilichomwagwa na lori husimama hata kwenye nyuzi 35 au 37. Lakini kusimama na kushika udongo ni mambo mawili tofauti. Kwenye mwinuko wa 2 kwa 1 udongo uliomwagwa juu ya mawe hauna pa kujishikiza, na ukilowa huteleza kama ngozi inayovuliwa. Lengeni 3 kwa 1.

Tena msiufanye mteremko ulionyooka kama paa. Chini ndiko maji yanakokusanyika, kwa hiyo chini ndiko panapotakiwa kulala zaidi. Gawanyeni kimo mara tatu: mita 6 za juu ziwe 2.5 kwa 1, mita 6 za katikati 3 kwa 1, na mita 6 za chini 4 kwa 1. Jumla ya mlalo itakuwa mita 57, na urefu wa mteremko utafika mita 60. Ukingo wa juu utarudi nyuma kama mita 7 au 8, na kitako kitatoka mbele kama mita 13 au 14. Pimeni kwanza kitako kitaishia wapi. Kisiingie kwenye shamba la mtu, na kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 zisizoguswa kutoka mtoni au ziwani. Kifusi cha kusukuma kitakuwa takriban mita za ujazo 6,000 hadi 7,000. Kwa kazi hiyo kodini buldoza, kwa sababu eskaveta ni nzuri kwa kuchimba, si kwa kusukuma masafa hayo. Kabla ya hapo kwangueni udongo mlioumwaga mwaka jana na kuurundika pembeni, usije ukafukiwa chini ya mawe.

Wengi watawashauri mkate ngazi kwenye mteremko. Mimi nazikataa kwa lundo la ukubwa huu. Ngazi juu ya kifusi kilicholegea hulala bila kulingana: mahali fulani inazama, maji yanakusanyika hapo, yanavunja kingo, na maji ya mita 150 yote yanashuka kwa pigo moja. Makorongo mabaya kabisa kwenye malundo ya migodi huanzia kwenye ngazi zilizovunjika. Ngazi zina maana kwenye malundo marefu kuliko hili, zikiwa na mtu wa kuzikagua kila mwaka, na kila moja ikiishia kwenye mfereji wa mawe.

Mfereji wa juu na njia ya mawe

Umbo likishakamilika ndipo mnapojenga mfereji wa kudumu nyuma ya ukingo mpya. Kitako chake sentimita 60, kuta zake 2 za mlalo kwa 1 ya kimo, na kina cha sentimita 55: 30 kwa maji na 25 za akiba. Mteremko wake uwe nusu mita kwa kila mita 100. Kwa vipimo hivyo unapitisha takriban lita 230 kwa sekunde, kwa mwendo wa mita 0.65 kwa sekunde, kwa hiyo lita zenu 200 zinatosha. Mkiufanya mkali mara mbili, mwendo unapita mita 0.9 kwa sekunde na udongo wa kichanga ulio wazi utaanza kuliwa. Mkiufanya bapa kuliko hapo, tope litatulia ndani na kuujaza. Hata kwa 0.65 pandeni ukoka mara moja. Ukishika vizuri, mfereji utavumilia zaidi ya mita 1 kwa sekunde.

Kupima nusu mita kwa mia hakuhitaji mtaalamu wa ramani. Tumieni mpira mwembamba wa maji unaoonekana ndani, ule wa mafundi ujenzi, na vijiti vilivyotiwa alama. Kila mita 10 chini ishuke sentimita 5. Msikadirie kwa jicho. Ukiwa juu ya lundo macho hudanganya, na mfereji unaoonekana unashuka mara nyingi unapanda.

Sasa njia ya kuyashusha maji, kama hamna ardhi ya asili ya kuyapeleka. Hapa ndipo fedha inapotakiwa kwenda, na hapa ndipo vikundi vingi hubana matumizi. Chagueni mstari mmoja, ikiwezekana uleule wa korongo kubwa kuliko yote kwa kuwa umeshachimbwa nusu. Upana wa kitako mita 1, kina nusu mita baada ya mawe kukaa, kuta 2 kwa 1. Mawe yawe ya sentimita 20 hadi 25 kwa wastani, madogo yenye 10 na makubwa hadi 35 yakichanganyika, na unene wa tabaka nusu mita. Kwa mteremko wa mita 60 hiyo ni takriban mita za ujazo 100 za mawe, kama safari kumi za lori la mita za ujazo kumi, pamoja na moja au mbili za kitako.

Mawe yawe na kona, ya duara yanabiringika. Ligongeni kwa nyundo: jiwe linalolia lina nguvu, linalotoa sauti ya kufa au kumeguka ukiliacha majini kwa siku kadhaa halifai. Na chini ya mawe lazima kuwe na chujio, aidha kokoto za tabaka la sentimita 15 au kitambaa cha jiotekstaili. Hilo ndilo linalosahaulika zaidi. Bila chujio maji yanapita kati ya mawe na kuufyonza udongo ulio chini yake, mawe yanazama, na baada ya msimu mmoja mna korongo lenye mawe sakafuni. Ndiyo sababu nimewakataza kutupa mawe matupu kwenye makorongo.

Kosa la pili linajirudia kila mahali: fundi anachimba mtaro wa nusu mita, kisha anaujaza mawe ya nusu mita. Mfereji umekwisha! Uso wa mawe uko sawa na ardhi, na maji yanatembea pembeni yake. Chimbeni mita 1 na sentimita 15, ili baada ya kokoto na mawe bado kubaki kina cha nusu mita. Kwenye mdomo wa juu, tandazeni mawe kwa umbo la faneli, mita 3 kila upande, ili maji yasiingie nyuma ya kuta. Chini jengeni beseni la kuyatuliza: urefu mita 3, upana mita 2 hadi 3, kina sentimita 60, kwa mawe makubwa kuliko yote mliyo nayo.

Bwawa la kutega tope na jirani yenu

Msimu wa kwanza tope litashuka tu, hata mkifanya kila kitu sawa. Liwe na pa kuishia pasipokuwa majaruba. Kanuni ninayoitumia ni mita za ujazo 250 kwa kila hekta inayomwaga maji. Tambarare na mteremko mpya ni kama hekta 2, kwa hiyo mita za ujazo 500: kwa mfano urefu mita 25, upana mita 12.5, kina mita 1.6. Maji yaingie upande mmoja mfupi na kutokea wa pili, la sivyo yanakatiza pembeni na kutoka na tope lake. Mlango wa kutokea uwe wa mawe, upana mita 2, chini ya mgongo wa tuta kwa nusu mita. Likijaa tope nusu, lizoeni, na tope hilo lirudi juu ya mteremko kama kipimo chake hakina sumu. Zungushieni uzio. Bwawa la mita moja na nusu karibu na kijiji ni hatari kwa watoto.

Na kaeni na huyo jirani mapema, mbele ya mtendaji wa kijiji, kabla ya mtambo kuja. Tope limeshaharibu shamba lake mara moja, ana haki ya kujua bwawa linakaa wapi na nani atalizoa.

Kuziba makorongo

Buldoza litakuwa limefuta mengi. Yaliyobaki, yakiwa na kina chini ya sentimita 30, yavurugeni tu kwa jembe. Makubwa zaidi yakateni kuta zake kuwa vidato ili udongo mpya ung'ate wa zamani, jazeni kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, nyunyizeni maji kidogo na shindilieni kila tabaka. Zidisheni kidogo juu kwa sababu udongo huo utashuka. Vizuizi vya mawe vinafaa tu kule chini penye mwinuko wa asilimia 10 au pungufu. Kizuizi cha sentimita 60 kwenye asilimia 10 kinahitaji kingine kila baada ya mita 6, ili kitako cha cha juu kilingane na mgongo wa cha chini. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 15 hadi 20, na ncha zizame ukingoni nusu mita.

Uso wa mteremko, nyasi, kisha miti

Msiulainishe mteremko ukapendeza. Kule Appalachia, Marekani, baada ya sheria ya 1977 ya kurejesha ardhi ya migodi ya makaa, kampuni zilisawazisha na kushindilia miteremko kwa kuogopa maporomoko, na miti ikakataa kukua kwa miaka mingi. Leo wataalamu wa huko wanashauri tabaka la juu la mita 1.2 liachwe limelegea. Kwenu, udongo ukiisha kutandazwa, upasueni kwa jino la nyuma la buldoza kwa kina cha sentimita 50 hadi 60, mistari ikiachana mita 1 hadi 1.5, kwa kufuata kontua na udongo ukiwa mkavu. Ukiwa na unyevu jino linakata tu kama kisu bila kuuvunja. Kamwe msipasue kwa kushuka, maana kila mstari utakuwa korongo. Kama kipimo cha glasi kilitoa wingu la maziwa, acheni kupasua hadi jasi iwe imeingia.

Udongo wa juu wa sentimita 15 kwa hekta 0.9 ni mita za ujazo 1,350. Kama hamna wa kutosha, uchanganyeni na mawe safi badala ya kuutandaza mwembamba. Msiyaokote mawe yote usoni: uso wenye mawe theluthi au nusu huhimili matone vizuri sana, na nyasi huota katikati yake.

Kwa nyasi, uti wa mgongo uwe vetiva kwenye mistari ya kontua, mmoja kwa kila mita 2 za kimo. Kwa mita 18 ni mistari 8, jumla mita 1,200. Miche minane kwa mita ni 9,600, ongezeni elfu moja ya kuzibia mapengo. Kila mche uwe na vikonyo viwili au vitatu, majani yakatwe kubaki sentimita 20, mizizi sentimita 5 hadi 10. Pengo la nusu mita kwenye mstari ni mlango wa maji, na mstari wenye mapengo hukusanya maji na kuyaachia mahali pamoja, ni afadhali usiwepo. Mizizi ya vetiva hushuka chini mita 2 hadi 3 ndani ya mwaka ikipata hali nzuri. Haisambai kwa mbegu, kwa hiyo haitavamia majaruba. Anzisheni kitalu chenu sasa, kwa sababu kununua miche 10,000 ni ghali.

Kati ya mistari sieni marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, kilo 20 hadi 30 kwa hekta, na chomekeni ukoka. Funikeni kwa mabua ya mpunga tani 3 hadi 4 kwa hekta, yakishikwa kwa vigingi na kamba ya katani. Marejea ikianza kutoa maua ifyekeni na kuiacha palepale.

Miti ingojee msimu wa pili. Msijaze mikalitusi kwa sababu ya kukua haraka. Chini yake nyasi hudhoofika. Changanyeni mijohoro, lusina na miti ya asili ya eneo lenu, kila mche kwenye shimo lenye tuta la mwezi mchanga upande wa chini. Na mifugo isiingie kabisa kwa misimu miwili au mitatu. Kondoa, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, matuta peke yake hayakuurudisha uoto kwa kasi iliyotarajiwa. Mwaka 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi, nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe. Kwato kumi kwenye njia moja ni mwanzo wa korongo.

Dalili ambazo si mmomonyoko

Mkiona nyufa ndefu juu zinazofuata ukingo, kitako kinachofura, au chemchemi mpya inayotoka katikati ya mteremko, hilo si suala la nyasi tena. Lundo linataka kuteleza. Ondoeni watu walioko chini siku hiyohiyo na mwiteni mhandisi. Huko Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la taka za makaa lililomwagwa juu ya chemchemi liliporomoka na kuua watu 144, watoto 116 kati yao, wengi wakiwa darasani. Waulizeni wazee kama kulikuwa na chemchemi mahali lundo lilipo. Kama ipo, mtaro wa kokoto uliofungwa kwa jiotekstaili upite chini ya kitako kuitoa kabla buldoza halijaifukia.

Kwa Geita kuna hatari nyingine, nayo ni ya watu: wanaokuja usiku kuchimbua magwangala kwenye kitako wakitafuta dhahabu iliyobaki. Kila karai linalotoka chini linaondoa kinachoshikilia mita 18 za juu. Kubalianeni na kijiji mapema kwamba kitako hakiguswi, na wekeni mlinzi hasa mara baada ya kusukuma, maana mawe mapya yakifunuliwa ndipo watu huvutika.

Ratiba na ukaguzi

Mvua zenu huanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Vipimo na kitalu sasa, buldoza Juni na Julai, mfereji wa mawe na bwawa viishe Agosti, kupasua na kutandaza mabua Septemba, vetiva na marejea mvua zikitulia. Mkichelewa buldoza likaja Septemba, ni heri mjenge tuta la juu na bwawa tu, mteremko uachwe hadi kiangazi kijacho. Mteremko uliofunuliwa wiki mbili kabla ya mvua hupoteza kuliko ulioachwa na makorongo yake.

Kama fedha ya buldoza haipatikani kabisa, mteremko wa sasa unaweza kutulizwa kwa tuta la juu, njia ya mawe na mistari ya vetiva kila mita 1.5 za kimo, mistari 11. Mita za mwisho za mwinuko huo zitawasumbua kwa miaka, lakini majaruba yatakuwa salama.

Chomekeni nondo nyembamba za sentimita 60 kwenye mteremko, ishirini hivi, kila moja ikiachwa nje sentimita 20 kamili. Baada ya kila mvua ya zaidi ya milimita 25, watu wawili wapite na jembe: wazibe pengo la tuta, watoe mabua yaliyoziba mdomo wa mawe, warudishe jiwe lililohama. Mwisho wa msimu pimeni nondo. Milimita moja iliyopotea ni mita za ujazo 10 kwa hekta, takriban tani 13 hadi 15. Wastani ukizidi milimita tano msimu wa kwanza, rudini juu mkakague tuta na mfereji kabla ya kuongeza nyasi.